Mnong'ono wa Baba Mdogo Uliosikika Mpaka kwa Jirani

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Jumamosi tuliyokwenda Mwimbi kumposea kaka yangu Deo, na masikio ya ukoo wetu yakawa habari ya kata nzima.

Kwanza usicheke. Najua nina miaka kumi na saba. Najua niko kidato cha tatu, na wewe wa kidato cha kwanza tumepitana kimo kidogo tu, tena pengine kwa sababu ya nywele. Lakini uzee si mvi, uzee ni mambo uliyoyaona. Mimi nimemwona Baba Mdogo Zakaria akinong'ona. Aliyeona hilo amekula chumvi ya kutosha, apewe kiti na apewe shikamoo yake.

Basi kaa vizuri. Na hizo hedifoni chomoa, sababu utaiona mbele.

Baba Mdogo Zakaria ni mdogo wake baba yangu. Ana mashine ya kusaga pale Mpui, mashine ya dizeli, ya zamani, inayolia kama trekta lililomeza trekta jingine. Ikiwashwa, mbuzi wageni wanakata kamba. Baba Mdogo amesimama kando ya mashine hiyo tangu mimi sijazaliwa, mavuno kwa mavuno, akipokea mahindi na ulezi wa watu, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope, na masikioni hana kinga yoyote isipokuwa huo unga wenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwanangu, hapotezi sauti za dunia kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vilevile. Zinatangulia kuondoka sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, watoto, wanawake. Zile nene zinabaki nyuma kama wageni wa harusi wasiojua kuaga. Kwa hiyo Baba Mdogo alikuwa anamsikia padri, anamsikia mwenyekiti wa kijiji, ila mke wake hamsikii. Na Mama Mdogo, maskini, miaka yote akadhani ni dharau.

"Huyu baba," alikuwa akisema, "mwanamume akikohoa barabarani anageuka. Mimi niungue moto jikoni, hageuki."

Baba Mdogo naye alikuwa na kesi yake: "WANAWAKE WA SIKU HIZI WANAMUNG'UNYA MANENO!"

Nimekupigia kelele kwa sababu ndivyo anavyoongea. Masikio yakishachoka, mtu hajisikii hata yeye mwenyewe. Akipiga simu Kasesya kule mpakani kuulizia mkanda wa mashine, tulikuwa tunamwambia asimalize vocha bure, afungue dirisha tu. Lakini nani angemwambia kwamba yeye ndiye mwenye tatizo? Nyani haoni kundule. Na mimi, mwanangu, nilijaribu mara moja, nikajibiwa kwamba sikio halipiti kichwa. Nikasema hewala, nikaenda zangu.

Sasa kaka Deo alikuwa amempata binti wa Mwimbi, anaitwa Skola, anafundisha chekechea. Wamependana, wamesubiriana, kila kitu safi. Na Deo ndiye aliyekuwa anaandaliwa kuishika mashine. Baba Mdogo hana mtoto wa kiume, basi akaamua kumtunza mwana wa kaka yake: akamjengea chumba nyuma ya mashine, ukuta mmoja na injini. Alikipiga lipu kwa mikono yake, akakipaka rangi ya bluu, akatundika mpaka pazia la maua. Kwake yeye hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko ng'ombe. Alikuwa akimaliza kazi anakwenda kusimama mlangoni pake na kukitazama, anatabasamu peke yake.

Kwetu sisi baba mzazi haendi kumposea mwanawe mwenyewe, anatuma watu. Mshenga akateuliwa Baba Mdogo. Mama yangu alijaribu kuzuia. "Zakaria?" akasema. "Maneno ya faragha ya ukoo mnampa Zakaria?" Wazee wakasema heshima ni heshima. Basi ukatungwa mpango: mimi, Fidelis, nikae upande wake wa kulia, kwenye sikio lililobaki na uhai kidogo, nimrudie maneno yanayompita, na akipandisha sauti nimfinye paja. Nilichaguliwa kwa sababu nina mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza wazazi na walimu wangu kukubaliana kwamba nina kipaji.

Tukakodi gari, Noah. Ulikuwa mwezi wa saba, unajua mwenyewe upepo wetu wa mwezi wa saba, ule usiopita pembeni yako, unapita katikati yako. Nyuma kulikuwa na kreti za soda, blanketi la bibi wa binti, na jogoo mmoja mwenye kiburi aliyefungwa miguu. Baba Mdogo mbele anamsimulia dereva, na mimi ili nipone na simulizi nikachomeka hedifoni, nikapandisha muziki hadi pale simu inapokuonya kwamba unajiumiza. Nikabonyeza kukubali. Mtu wa kidato cha tatu haonywi na simu.

Deo akanichomoa moja. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile.

"Fide, leo utani weka nyumbani," akasema. "Wakinikataa hawa, nimekwisha. Sina Skola mwingine."

"Kaka, niamini," nikamwambia.

Dereva alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Hapa niingize neno, mwanangu. Wewe ni mtoto wa mjini Sumbawanga, umezoea "mambo", "poa", na mtu keshapita. Kwa wazee wa Kifipa salamu si kitu cha kurushiana kama ganda la muwa. Unachutama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, unajibu, nawe unauliza zako. Ukiacha salamu ya mzee wa Kifipa ininginie hewani bila jibu, heri ungemwibia mbuzi. Mbuzi anarudishwa.

Basi tumeketi sebuleni kwa kina Skola, ukweni, tumenyooka kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Bibi yake Skola, Bibi Leokadia, akaingia kwa mlango wa nyuma, mgongoni mwetu. Kibibi chembamba, na sauti yake nyembamba kama uzi wa cherehani. Akachutama, akapiga makofi yake laini, akasema, "Karibuni, wanangu. Poleni na safari. Mpui hawajambo?"

Deo akashuka kwenye kiti. Mimi nikashuka. Hata dereva, ambaye si ndugu yetu, akashuka. Baba Mdogo akaendelea kumweleza baba yake Skola habari za mkanda wa mashine.

Bibi akarudia makofi, akarudia salamu.

"UKAKATIKA KATIKATI YA DEBE LA MTU!" akasema Baba Mdogo.

Nikamfinya.

"NINI?"

Nikamfinya tena, safari hii kwa kucha.

"FIDE, MBONA UNANIFINYA?"

Sebule ikapoa. Shangazi yake Skola akasema jambo kwa Kifipa ambalo sitakutafsiria, mwanangu, bado hujafika umri. Nikamwinamia Baba Mdogo sikioni: "Bibi anakusalimu! Nyuma yako!" Akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia siafu, akachutama, akapiga makofi mpaka jogoo wetu akawika.

"SHIKAMOO, MAMA!"

"Marahaba," akasema Bibi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Alimkazia macho tu, kama unavyomtazama mtu unayehisi ulishawahi kuishi naye.

Mambo yakaanza kwenda. Mahari haikuleta ubishi, watu wale ni waungwana. Kikaletwa chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, wazee wakaingiza mirija yao, wakafyonza, nyuso zikalainika. Mimi nikapewa soda na onyo. Ndipo baba yake Skola, mtu wa sauti nene ambaye hata Baba Mdogo alimsikia bila msaada wangu, akauliza swali lake moja.

"Mtoto wetu mtamweka wapi?"

Uso wa Baba Mdogo ukang'aa. Alikuwa amelingoja swali hilo tangu tunatoka Mpui. "KUNA CHUMBA!" akasema. "KIPYA! CHA BLUU! UKUTA MMOJA NA MASHINE! DEO ANAAMKA, ANAFUNGUA MLANGO, YUKO KAZINI!"

Wenyeji wakatazamana.

"Hapo ndugu yangu, hapana," akasema baba yake Skola, taratibu. "Skola anafundisha watoto wadogo. Masikio yake ndiyo jembe lake. Na watoto watakaozaliwa, wazaliwe ndani ya injini? Mtafutieni nyumba ya mbali na mashine. Mkikubali, tumemaliza, tunywe. Mkishindwa, tutawarudishia jogoo wenu kwa heshima."

Tukaomba, kama desturi inavyoruhusu, tutoke nje tukanong'onezane kidogo. Ni desturi ya busara sana, mwanangu. Wageni wanatoka, wanasemezana pembeni, wanarudi na neno moja. Ila wazee walioiweka hawakuwa wamekutana na mashine ya dizeli.

Tukasimama nyuma ya jiko, chini ya dirisha la sebule, dirisha la mbao ambalo lilikuwa wazi. Deo akaanza yeye, kwa sauti ya chini: "Baba Mdogo, tukubali. Nitapanga nyumba upande wa kule shuleni, mashineni nitakuwa natembea." Mimi nikamrudia sikioni. Baba Mdogo akaumia. Niliona. Alifikiria lipu lake, alifikiria pazia la maua. Kisha akatukusanya mabegani, akaweka kiganja mdomoni kama mwenye siri ya serikali, akatunong'oneza:

"TUWAKUBALIE KWA MDOMO TU! AKISHAFIKA MPUI NANI ATAJUA? ATALALA PALEPALE MASHINENI, ATAZOEA! MBONA MIMI NIMEZOEA? MASIKIO YANGU MAZIMA KABISA! NA KALE KABIBI KANAKOMUNG'UNYA MANENO KASITUTISHE!"

Mbwa akabweka. Njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. Ng'ambo ya ua, jirani aliyekuwa anapura maharage akasimamisha fimbo hewani, akauliza, "Samahani, mashineni ni kwa nani?"

Deo alichuchumaa, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa bado namfinya Baba Mdogo paja, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imeshapitwa na wakati. Yeye akatutazama kwa upole kabisa.

"MNAOGOPA NINI? NIMENONG'ONA."

Mwanangu, nimehudhuria misiba iliyochangamka kuliko sebule tuliyorudia. Shangazi amekunja mikono. Mirija imetolewa kwenye chungu. Na juu ya kiti changu, amefungwa miguu vizuri na kugeuzwa kichwa upande wa mlangoni, amekaa jogoo wetu.

Baba Mdogo akaketi akitabasamu. "TUMEKUBALI!"

Deo alikuwa anatazama sakafu, na niliona tone likianguka katikati ya viatu vyake, viatu alivyoazima kwa ajili ya siku hiyo. Nikampakata jogoo, nikachomeka hedifoni moja, ya upande usioonekana, ili nipate nguvu.

"Wewe kijana," akasema Bibi Leokadia.

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na kijana mwingine.

"Huo wimbo wako nausikia. Mimi mzee, nimekaa huku kona, nausikia, na umo ndani ya sikio lako. Hebu niambie, mjukuu wangu, hilo ni sikio au ni ukumbi wa harusi?"

Nikachomoa. Na jibu nilikuwa nalo, usidhani. Mimi nina jibu la kila kitu, muulize mwalimu wa nidhamu. Lakini muziki ulipozimika, ikaja ile sauti: wiiii, nyembamba, kama mbu aliyepotea njia ya kutokea. Ilikuwa inanijia kila nikizima muziki, na siku zote nilidhani kila mtu anayo. Nikafunga mdomo. Deo aliinua kichwa kunitazama, akadhani naumwa.

Bibi akamgeukia Baba Mdogo, lakini alisema na wote.

"Mume wangu alikwenda migodini Zambia akiwa kijana, kushika mashine ya kutobolea mawe. Alirudi na baiskeli, na redio, na masikio ameyaacha kulekule. Redio alikuwa anaiwasha, kijiji kinasikiliza, yeye anaitazama." Watu wakacheka kidogo, naye akacheka. "Ndoa yetu yote nimeiishi kwa kupiga kelele. Tukigombana, watu wanajua. Tukipatana, wanajua pia, watoto wanatuchekea njiani. Sawa, nikazoea. Kisha akaugua. Siku ya mwisho nilikuwa na neno la kumwambia, neno dogo, la taratibu, la kwetu wawili. Nikamwambia, hakusikia. Nikarudia, hakusikia. Ikabidi nilipigie kelele mbele ya wakwe na majirani waliojaa uani. Wakalisikia wote. Yeye sijui kama alilisikia."

Shangazi akakunjua mikono.

"ANASEMA NINI?" akaniuliza Baba Mdogo.

Mwanangu, nilijaribu kumrudia. Nilifungua mdomo, na kile kipaji changu kikanikimbia.

"Mwiteni mtoto," akasema Bibi.

Nyumba ile ina desturi yake. Binti anaitwa, anaulizwa mbele ya wote, anajibu mwenyewe kwa sauti ya heshima, yaani ya chini. Kisha mshenga anasimama na kutamka kwa kinywa chake alichojibu binti. Mshenga asipoweza kulitamka, jibu halijapokelewa, na posa haijapokelewa. Skola akaja, khanga kichwani, akapiga magoti katikati yetu.

"Skola, hawa wameleta neno. Unasemaje?"

Skola akasema. Mimi nikasikia. Shangazi akasikia. Deo alisikia, akafumba macho.

"Mshenga," akasema baba yake Skola kwa ile sauti yake nene, "mtoto wetu amejibu nini?"

Baba Mdogo akanigeukia.

"Usimtazame kijana," akasema Bibi, na kwa kujua hatasikika akanyoosha kidole, akakitikisa.

Baba Mdogo akasimama. "AMEKUBALI!"

"Amekubali nini?" akauliza baba yake Skola.

Alikuwa anaweza kubahatisha tena, watu hubahatisha. Alikuwa anaweza kufoka, hilo nalo analiweza. Nimemwona Baba Mdogo akibeba gunia la mahindi kichwani huku anakunywa chai, lakini sijawahi kumwona akiwa mdogo, mpaka siku ile. Akaenda, akachutama mbele ya Skola, akasogeza uso karibu kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni mwa mtoto.

"Rudia, mwanangu," akasema.

Skola akarudia neno zima, polepole. Baba Mdogo alikuwa anautazama mdomo wake. Akakunja uso. Akageuza sikio la kulia. Kisha akabaki hivyohivyo, amechutama.

"Sijasikia," akasema.

Na alilisema kwa sauti ya chini, mwanangu. Mimi mwenyewe nilipepesa macho kutafuta nani ameongea.

"Mama," akamwambia Bibi, "huyu mtoto amesema mara mbili mbele ya uso wangu. Nimeuona mdomo unacheza. Sijasikia hata kimoja. Na kile chumba... nilimjengea kwa mapenzi."

Bibi Leokadia akapiga makofi yake laini, yale ya salamu. "Sasa mshenga amefika," akasema. "Tangu asubuhi tulikuwa tunaongea na mashine."

Akamwashiria Skola asogee kwenye sikio la kulia, aseme kama anavyowaita watoto wa chekechea wakiwa mwisho wa uwanja. Skola akaona haya, akatazama huku na huku, kisha akajaza kifua.

"NIMESEMA NAMPENDA DEO! NITAKUJA MPUI! ILA SILALI UKUTA MMOJA NA INJINI!"

Ng'ambo ya ua, jirani wa maharage akaitikia kwa vigelegele, na nyumba ya tatu wakapokea bila kujua ni vya nini.

"NIMESIKIA!" akalia Baba Mdogo, machozi na unga wa miaka vikishuka pamoja. "Amesema anampenda Deo, atakuja Mpui, halali ukuta mmoja na injini! Na hatalala! Chumbani tutaweka magunia!"

Deo akamkumbatia dereva, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mirija ikarudi chunguni. Jogoo akachukuliwa kutoka mapajani mwangu, akapelekwa jikoni, na katika nyumba ile yeye peke yake ndiye ambaye hakuona sababu ya sherehe.

Kabla hatujaondoka Bibi akatoa sharti lake la mwisho: kabla ya harusi, Baba Mdogo akapimwe masikio, "na huyu mwenye ukumbi wa harusi naye." Sharti la bibi wa binti halikatwi rufaa.

Tukaenda hospitali pale mjini. Mganga akatueleza vizuri hata mimi nikaelewa. Ndani kabisa ya sikio, akasema, kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyodaka sauti. Vichukulie kama shamba la ulezi. Ng'ombe wakipita mara moja, ulezi unalala, kisha unainuka. Wakipita kila siku, hauinuki tena, na shamba hilo halina msimu wa kupanda upya. Vya Baba Mdogo vilivyolala vimelala. Akapewa rufaa kwenda Mbeya, akarudi na kifaa kidogo nyuma ya sikio. Hakimrudishii kila kitu, na kwenye kelele za sokoni kinamchanganya. Lakini siku ya kwanza alisikia mlango ukilia, akamsikia mtoto wa jirani akikohoa, akamsikia Mama Mdogo. Akakaa kumsikiliza mchana kutwa. Jioni akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fide, kumbe huyu mwanamke ana maneno matamu. Ila ni mengi." Mashineni siku hizi yeye na Deo wanavaa vile vifuniko vikubwa vya masikio, kama marubani. Wateja walicheka wiki ya kwanza. Sasa wakija kusaga wanaviazima.

Na mimi? Mganga akasema nina bahati, nimekanyagwa kidogo tu. Ile wiiii yangu imepungua, lakini usiku kukiwa kimya bado inakuja kunisabahi. Huenda itaondoka, huenda nimeshaioa.

Sasa nasaha, mwanangu, maana mzee haachi watu bila nasaha. Spika ya harusini si mama yako, usiikumbatie, kaa mbali nayo, na ukianza kuhisi kishindo kifuani nenda nje ukapunge upepo, tunao wa bure. Hedifoni hizo zishushe mpaka umsikie anayekuita, na uyape masikio mapumziko, hata ng'ombe wa kulimia hufunguliwa nira. Ukiwa mahali ikakubidi upige kelele ili mtu wa hatua moja tu akusikie, jua ng'ombe wameshaingia shambani. Kazi ikikupeleka kwenye mashine, vaa vifuniko vya kweli, pamba za kuchomeka ni kujifariji tu. Ukisikia wiiii baada ya muziki, hiyo si shangwe, hiyo ni hodi ya ugonjwa. Ikikaa, nenda hospitali. Na ukimwona mtu mzima anafoka na hajibu salamu, usikimbilie kusema ana kiburi, msogelee upande wa sikio zima useme tena. Sikio la kufa halisikii dawa, ni kweli, lakini la kwako bado halijafa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mimi. Usinitazame hivyo.

Haya, inama nikubariki. Mungu akujalie uzeeke vibaya sana, meno yaishe, nywele zikimbie, magoti yagome, lakini masikio yabaki kama ulivyozaliwa nayo. Uwe unalala barazani umefumba macho, wajukuu wakudhanie umesinzia, wakusengenye taratibu chumba cha pili. Na wewe, kwa neema yake, uwasikie wote, uwataje mmoja mmoja kwa majina, na fimbo iwe karibu.